Maisha ya John McLendon, mwalimu wa mpira wa kikapu (1915–1999)

Katika shule nyingi za sekondari za hapa Ufipa, kando ya uwanja wa kandanda, mgeni hukuta nguzo mbili zinazotazamana, kila moja ikiwa na ubao na pete ya chuma. Mara nyingi wavu umekwisha kuchanika, na ardhi ni udongo mwekundu ulioshindiliwa na miguu ya vijana wenyewe. Hata hivyo, jioni za Juni na Julai, upepo wa baridi unaposhuka kutoka milima ya Mbizi, hapo ndipo vijana wanapopata joto. Wengi wao humjua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi kuu ya Marekani mwaka 2009. Ni wachache waliowahi kusikia habari za watu waliofanya iwezekane kwa mtu mweusi kuingia katika viwanja hivyo, na hasa kuingia akiwa mwalimu wa timu, mwenye kutoa amri na kusikilizwa. Makala haya yanamhusu mmoja wao, John McLendon.

Alizaliwa tarehe 5 Aprili 1915 huko Hiawatha, mji mdogo wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. (Msomaji atuwie radhi: jimbo hapa si la kanisa, ni la serikali.) Baba yake alikuwa Mmarekani mweusi, mama yake alikuwa wa taifa la Delaware, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa asili wa nchi ile. Kansas ni nchi ya nyasi na ngano, tambarare isiyo na miti mingi, ambako upepo hauna wa kuuzuia. Mfipa asingejiona mgeni sana kule. Mama alifariki John akiwa bado mtoto mdogo, na baadaye kijana alikulia katika mji wa Kansas City. Shuleni aliupenda mpira wa kikapu mara alipouona, ingawa hakuwa mchezaji hodari. Alikubali kazi ya kutunza vifaa vya timu, mradi awe karibu na mchezo.

Kabla ya kuendelea naye, inatupasa tumtaje mtu mwingine, kwa kuwa pasipo yeye habari hii isingekuwapo. James Naismith alizaliwa Kanada mwaka 1861, akafiwa na wazazi wote wawili akiwa na miaka tisa. Alisomea teolojia katika chuo cha Wapresbiteri mjini Montreal, akamaliza, lakini badala ya kushika mimbari akaingia katika kazi ya kulea vijana kwa njia ya michezo. Baadhi ya jamaa zake hawakufurahi. Waliona ameacha kazi ya Mungu kwa ajili ya mchezo. Mwezi Desemba 1891, akifundisha katika chuo cha YMCA mjini Springfield, Massachusetts, aliagizwa atafute mchezo wa kuchezwa ndani ya nyumba wakati wa theluji, kwa maana wanafunzi wake walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya viungo na kuanza utundu. Alipigilia vikapu viwili vya matunda katika vizuizi vya roshani, kimo cha mita tatu hivi, akaandika kanuni 13, akawapa mpira. Aliziweka kanuni zile kwa shabaha moja iliyokuwa dhahiri: vijana wacheze kwa nguvu pasipo kuumizana.

Mwaka 1898 Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akawa mwalimu wa kwanza wa timu ya mpira wa kikapu ya pale. Historia ina vichekesho vyake: aliyebuni mchezo ndiye mwalimu pekee wa chuo kile aliyepoteza michezo mingi kuliko aliyoshinda, 60 kwa 55. Kushinda hakukumsumbua.

Kijana McLendon alipoingia chuo kikuu hicho mwaka 1933, Naismith alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70, akikaribia kustaafu. Timu ilikuwa mikononi mwa mwalimu mwingine, na mtu mweusi hakuruhusiwa kuichezea. Aliweza kusoma darasani, kulipa ada na kufanya mitihani, lakini jezi ya chuo ilikuwa ya weupe. Baba yake alimwelekeza amtafute Naismith na kumwomba awe mlezi wake wa masomo. Inasimuliwa kwamba kijana aliingia ofisini kwa mzee yule akamweleza wazi kwamba ametumwa na baba yake, na mzee, baada ya kumtazama kidogo, akakubali bila maswali, akisema kwa mzaha kwamba akina baba hawakosei. Tangu siku ile, kwa miaka mitatu, McLendon alijifunza mchezo kutoka kwa yule aliyeubuni. Si makocha wengi duniani waliopata bahati hiyo, na walioipata karibu wote walikuwa weupe.

Jambo moja la miaka ile linastahili kusimuliwa kwa utuo. Kanuni za idara zilimtaka kila mwanafunzi wa elimu ya viungo afaulu mtihani wa kuogelea. Bwawa la chuo lilikuwa la weupe tu. Wakubwa walimtafutia njia ya kukwepa aibu: apewe alama za kufaulu bila kuingia majini. Angeweza kushukuru na kwenda zake. Alikataa, akaingia bwawani akaogelea kama wenzake; na alipotoka, maji yote yakamwagwa. Msomaji wa Ufipa ajuaye maana ya ndoo moja ya maji mwezi wa Oktoba, kisima kikiwa kimekauka, atapima mwenyewe uzito wa chuki iliyowafanya watu wamwage bwawa zima kwa sababu ngozi ya mtu mmoja imeyagusa. McLendon hakupiga kelele na hakuondoka. Naismith alisimama upande wake mbele ya wakubwa wa chuo, na hatimaye bwawa likafunguliwa kwa wanafunzi wa rangi zote. Mwaka 1936 alipata shahada yake, akiwa mtu mweusi wa kwanza kuhitimu elimu ya viungo katika chuo kile. Mwaka huohuo Naismith alisafiri hadi Berlin kuushuhudia mchezo wake ukichezwa kwa mara ya kwanza kama mchezo kamili wa Olimpiki. Mzee alifariki mwishoni mwa Novemba 1939.

Baada ya shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Iowa, McLendon alikwenda kusini, katika mji wa Durham, North Carolina, kufundisha katika chuo cha Wamarekani weusi. Aliingia mwaka 1937 kama msaidizi, na mwaka 1940 akakabidhiwa timu. Alikuwa na miaka 25.

Hapo ndipo alipoanza kutengeneza mchezo wake mwenyewe. Siku zile mpira wa kikapu ulichezwa polepole. Timu ilipopata mpira iliutembeza, ikajipanga, ikasubiri, na mwishowe mtu mmoja akarusha kwa mikono miwili akiwa amesimama. McLendon aliliona jambo hilo kuwa kinyume cha mafundisho ya mlezi wake, aliyesisitiza kwamba uwanja wote, kutoka pete hadi pete, ni mahali pa kuchezea. Akawafundisha vijana wake kukimbia: mpira ukinyakuliwa chini ya pete yao, pasi ya kwanza itoke papo hapo, wachezaji wawili wafunguke pembeni, mmoja apite katikati, na kabla adui hajageuka, mpira uwe umekwisha kuingia upande wa pili. Na adui akiwa na mpira, asiachwe aje mwenyewe hadi nusu ya uwanja. Afuatwe na kubanwa huko huko kwake. Mchezo wa kasi tunaouona leo katika kila luninga, na ambao vijana wetu huuiga pasipo kujua asili yake, umepita mikononi mwa mtu huyu. Hakuubuni peke yake, lakini hakuna aliyeufikiri kwa undani kuliko yeye wakati ule, na mwaka 1965 aliandika kitabu kizima juu ya shambulizi la kasi.

Mchezo wa namna hiyo unadai pumzi. Kwa hiyo aliwakimbiza. Kijana aliyetaka kujiunga na timu ilimbidi kwanza athibitishe kwamba anaweza mbio ndefu, na wengi waliacha kabla hawajagusa mpira. Walimu wetu wa michezo huku juu, ambako mji wa Sumbawanga wenyewe umekaa karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wamepewa bure mapafu ambayo McLendon alilazimika kuyatengeneza kwa jasho. Tunalisema hili kwa walimu kwa sababu tunaona timu za shule zikifundishwa kurusha mpira kabla ya kufundishwa kukimbia.

Sasa tufikie Jumapili ya tarehe 12 Machi 1944.

Durham ilikuwa na vyuo viwili vilivyotazamana kama nchi mbili. Upande mmoja kilikuwapo chuo cha McLendon, chenye fedha kidogo. Upande mwingine kilikuwapo Chuo Kikuu cha Duke, tajiri na cha weupe. Timu ya McLendon ilikuwa imepoteza mchezo mmoja tu msimu mzima, lakini haikuruhusiwa kushindana na timu za weupe wala kuingia mashindano ya taifa. Pale Duke, chuo cha udaktari kilikuwa na timu ya vijana waliokuwa chini ya mpango wa jeshi wakati wa vita. Kadhaa wao walikuwa wamekwisha kung'ara katika vyuo vingine kabla ya kuja Durham, nao walihesabiwa kuwa bora mjini. Wanafunzi wachache wa pande hizi mbili walikuwa wakikutana kwa siri katika vikao vya sala na mazungumzo vya YMCA. Katika mazungumzo hayo likazuka swali ambalo vijana wa kila nchi huuliza: nani mkali zaidi? McLendon aliposikia, aliona kuna jibu moja tu la kweli, nalo ni kucheza.

Ilikuwa hatari. Sheria za ubaguzi katika jimbo lile hazikuwa maneno matupu. Miezi minne tu baadaye, Julai 1944, askari mweusi aliyevaa sare ya jeshi la nchi yake alipigwa risasi na dereva wa basi mjini humo humo kwa sababu ya mabishano juu ya kiti, na dereva akaachiwa na mahakama. Kwa hiyo kila kitu kilipangwa kwa siri. Wasimamizi wa chuo hawakuambiwa. Mwandishi wa gazeti la watu weusi aliyejua habari alikubali kutoandika hata mstari mmoja. Wale vijana wa Duke walikuja kwa magari waliyoazima, wakipita barabara za kuzunguka, na waliposhuka walijifunika makoti vichwani, wakaingia mbio. Milango ikafungwa kwa ufunguo.

Saa iliyochaguliwa ilikuwa ile ya asubuhi ambapo mji mzima, polisi wakiwamo, ulikuwa kanisani. Sisi wenye kuandika katika ukurasa wa kanisa hatuwezi kuipita saa hiyo haraka. Vijana wale walihesabu, na walihesabu sawa, kwamba wakati wa ibada ndio wakati salama wa kufanya jambo ambalo waumini wa mji ule, waliogawanyika weupe kwao na weusi kwao, wangelizuia kwa nguvu.

Dakika za mwanzo pande zote mbili zilicheza vibaya. Mikono ilitetemeka, baadhi yao hawakuwahi kuguswa na mtu wa rangi nyingine isipokuwa kwa bahati mbaya. Wachezaji wa McLendon, ambao maisha yao yote walikuwa wameambiwa kwamba wao ni wa daraja la pili, waliogopa mambo mawili kwa pamoja: kushindwa na kushinda. Kisha mtu mmoja akakimbia, mwingine akafuata, na mafunzo ya miaka yakaamka. Mwisho wa mchezo ubao ulisomeka 88 kwa 44. Chuo cha weusi kilikuwa kimeshinda mara mbili kamili.

Ilivyo, wengi wangetarajia wageni waondoke kimya. Baada ya kupumzika wakakubaliana kucheza tena, safari hii kwa kuchanganya timu: baadhi wakavua fulana, wengine wakabaki nazo, weupe na weusi kila upande. Wanafunzi waliokuwa wamenusa jambo walipanda kuchungulia madirishani. Baadaye wakaenda bwenini pamoja, wakaketi na kuzungumza hadi mchana ukasogea. Kisha wageni wakajifunika tena, wakaondoka. Matokeo hayakuingia katika kitabu chochote cha kumbukumbu. Siri ilidumu miaka 52. Mwanahistoria Scott Ellsworth ndiye aliyeiandika hadharani mwaka 1996, McLendon akiwa hai na mwenye umri wa miaka 80.

Aliondoka Durham mwaka 1952, akapita miaka miwili katika chuo cha Hampton, na mwaka 1954 akafika Nashville, chuo cha Tennessee A&I. Kabla ya hapo, kwa miaka mingi, alikuwa pamoja na wenzake wakiwasumbua wakubwa wa michezo ya vyuo kwa barua na vikao, wakidai vyuo vya watu weusi viruhusiwe katika mashindano ya taifa. Shirikisho moja, lile la vyuo vidogo lililofanya mashindano yake Kansas City, ndilo lililofungua mlango kwanza. McLendon hakuridhika na mlango wa uwanja peke yake. Alipoalikwa, alitoa sharti: timu yake ilale katika hoteli za katikati ya mji kama timu nyingine na kula katika meza zilezile. Kama sivyo, hawatakuja. Wenye mashindano wakakubali. Baadhi ya watu weusi wenyewe walimwona anahatarisha nafasi iliyopatikana kwa taabu, na hoja yao haikuwa ya kipumbavu. Mtu aliyesubiri nje miaka mingi huogopa kuulizia kiti.

Mwaka 1957 Tennessee A&I ilitwaa ubingwa huo, chuo cha kwanza cha watu weusi kushinda mashindano ya taifa yaliyochanganya rangi. Ikashinda tena 1958, na tena 1959. Hakuna kocha wa chuo aliyekuwa amewahi kutwaa ubingwa wa taifa mara tatu mfululizo. Mchezaji wake mkubwa alikuwa Dick Barnett, kijana mrefu wa mkono wa kushoto ambaye baadaye alishinda ubingwa wa ligi kuu mara mbili na New York Knicks. Kwetu huku, mwaka huo wa 1958, jimbo letu, ambalo lilikuwa bado likiitwa Karema, lilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Charles Msakila. Mambo haya mawili hayahusiani kwa lolote, ila yanatusaidia kukumbuka kwamba zama zilikuwa zikigeuka pande zote za bahari.

Mwaka 1959 aliacha vyuo, akaenda Cleveland, Ohio, kuongoza timu iliyoitwa Pipers. Ilikuwa timu ya ridhaa yenye kudhaminiwa na kampuni, na mwaka 1961 ilitwaa ubingwa wa ridhaa wa taifa. Mwaka huohuo aliongoza timu ya Marekani iliyokwenda kucheza Urusi, wakati wa ubaridi mkali wa siasa kati ya nchi hizo mbili. Kisha ikaanzishwa ligi mpya ya kulipwa, mpinzani wa ligi kuu, na Pipers wakaingia. Ni ligi hiyo iliyoleta ule mstari wa pointi tatu ambao sasa upo katika kila uwanja. Hivyo, katika majira yaleyale ya mwisho wa 1961 ambapo bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa, John McLendon akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa timu ya ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu katika zama hizo mpya.

Timu ilishinda nusu ya kwanza ya msimu upande wa mashariki. Tatizo halikuwa uwanjani. Mwenye timu alikuwa George Steinbrenner, kijana wa familia ya wenye meli, ambaye baadaye dunia ilimjua kama mmiliki wa New York Yankees. Alikuwa na hasira ya haraka na mfuko usiotosha. Husimuliwa kwamba usiku mmoja, katikati ya mchezo, alimuuza mchezaji wake Grady McCollum kwa timu waliyokuwa wakicheza nayo, hivi kwamba mtu aliyeanza mchezo upande mmoja alipaswa kuvaa jezi ya adui baada ya mapumziko. Zito zaidi lilikuwa mishahara. Timu iliposhindwa, malipo ya wachezaji yalicheleweshwa, kana kwamba mshahara ni zawadi ya ushindi.

McLendon angeweza kunyamaza. Mshahara uliozuiwa ulikuwa wa wachezaji. Yeye alikuwa ameshika nafasi ambayo hakuna mtu wa rangi yake aliyewahi kuishika kabla yake, na alijua vema kwamba akiondoka wengine watasema mtu mweusi hakuweza. Mwezi Januari 1962 alipinga hadharani, akajiuzulu. Kocha mwingine, mweupe, aliichukua timu na kutwaa ubingwa mwishoni mwa msimu. Ligi yenyewe ikafa muda mfupi baadaye.

Ni vema kukumbuka hapa kwamba mwaka ule ule wa 1891 ambao Naismith alipigilia vikapu vyake, mwezi Mei, Papa Leo wa XIII alitoa waraka Rerum Novarum, unaofundisha kuwa kumnyima mfanyakazi ujira wake ni dhambi kubwa. Hatudhani kwamba McLendon alikuwa na waraka huo mfukoni. Lakini wapo kati yetu waliousoma, na wakati wa mavuno ya mahindi vibarua wao bado huzungushwa wiki baada ya wiki.

Miaka iliyofuata haikuwa ya utukufu. Alifundisha Kentucky State kuanzia 1963, kisha mwaka 1966 Chuo Kikuu cha Cleveland State kikamwajiri, akawa kocha mkuu wa kwanza mweusi katika chuo kikuu ambacho wengi wa wanafunzi wake ni weupe. Kwa miaka mitatu pale alishindwa mara nyingi zaidi ya alivyoshinda. Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa makocha wa timu ya Marekani katika Olimpiki ya Mexico, ambayo ilirudi na dhahabu. Watanzania wanayakumbuka mashindano hayo kwa sababu ya John Stephen Akhwari, aliyefika mwisho wa mbio za marathoni akichechemea, jua limekwisha kuzama. Mwaka 1969 ligi nyingine ya kulipwa ilimwita, timu ya Denver Rockets. Alikuwa na Spencer Haywood, nyota wa dhahabu ya Mexico, lakini matokeo yalikuwa ushindi 9 na kushindwa 19, na kabla mwaka haujaisha akafukuzwa. Hakufundisha tena timu yoyote kubwa.

Wasifu nyingi za watu maarufu hupita juu ya namba kama hizo. Sisi hatuoni sababu ya kuzificha. Huenda mtindo wake wa kukimbiza watu, ambao vijana wa vyuo waliupokea kama amri ya baba, haukuwafaa watu wazima wenye mikataba. Huenda hakupewa muda. Katika ligi za kulipwa kocha mweusi wa siku zile hakuwa na haki ya kukosea mara mbili, na makocha weupe walikosea mara nyingi wakahamia timu nyingine. Katika kazi yake yote alishinda zaidi ya michezo 500.

Kwa miaka mingi baada ya hapo alifanya kazi na kampuni ya viatu ya Converse, akizunguka nchi nyingi kuwafundisha makocha. Mwaka 1979 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kikapu huko Springfield, jengo linalobeba jina la Naismith. Lakini aliingizwa kama mchangiaji wa mchezo, si kama kocha. Uzeeni alirudi Cleveland State, akawa anafundisha darasani somo la historia ya michezo na nafasi ya watu walionyimwa nafasi. Wanafunzi waliozaliwa baada ya sheria za ubaguzi kufutwa walimsikia mzee mpole akieleza jinsi bwawa lilivyomwagwa.

Alifariki tarehe 8 Oktoba 1999 huko Cleveland Heights, akiwa na miaka 84. Tanzania haikusikia, na isingeweza kusikia: juma lile masikio yetu yote yalikuwa London, katika hospitali alimolazwa Mwalimu Julius Nyerere, naye akafariki siku sita baadaye.

Mwaka 2016 Ukumbi wa Springfield ulimwingiza McLendon mara ya pili, safari hii kama kocha. Mwaka 2019, miaka 60 baada ya ubingwa wao wa tatu, iliingizwa pia timu ya Tennessee A&I, baada ya Dick Barnett kuwaandikia na kuwafuata wahusika kwa miaka mingi ili majina ya wenzake yasomwe.